Barua ya wazi: Malezi ya watoto wa Lamu yasiamuliwe na nauli ya wakili

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu,
Kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria,
Kwa Chama cha Mawakili Kenya,
Na kwa Serikali ya Kaunti ya Lamu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Langoni, mjini Lamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Karatasi za mahakama huja kwa Kiingereza, na watoto wanaogombaniwa na wazazi wao ni wanafunzi wangu, kwa hivyo akina mama hunijia niwasomee. Nimekaa nao vibarazani, nimefuatana nao mpaka mahakamani, na nimeona jambo moja likijirudia hata siwezi tena kulinyamazia. Hapa kwetu, kabla hakimu hajauliza mtoto akae na nani, jibu limeshaanza kupatikana kwa kutazama ni nani aliyeweza kumleta wakili. Ninyi ndio wenye uwezo wa kuligeuza hili, ndiyo maana barua naielekeza kwenu na si kwa wazazi.

Nianze na jinsi mashauri yenyewe yalivyogawanyika, maana gharama inaanzia hapo. Muislamu wa Lamu akitaka talaka, khului (mke kujikomboa katika ndoa) au faskhi (kadhi kuivunja ndoa), huenda kwa kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimeyakubali mamlaka yake. Kwa kadhi mtu husimama akajieleza kwa Kiswahili chake, na wengi humaliza shauri lao bila wakili. Lakini malezi ya mtoto hayakutajwa katika orodha ile. Mamlaka ya kadhi juu ya watoto yamebishaniwa mpaka Mahakama Kuu, na mawakili wengi huwashauri wateja wapeleke shauri la mtoto mbele ya hakimu, katika Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Basi ndoa moja ikivunjika, mama hujikuta na majalada mawili, tarehe mbili na, akitaka wakili, ada mbili. Ndugu zetu Wakristo wa Mpeketoni na Witu wao huvunja ndoa kwa hakimu chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, lakini shida ya wakili ni ile ile.

Yupo mama mmoja aliyeachwa akarudi kwao Faza, kisiwani Pate. Watoto wake walibaki kwa baba yao hapa mjini, na nawasomesha. Wakati wa talaka alimpata wakili kutoka nje ya Lamu, akauza bangili zake za dhahabu akamlipa. Yeye alielewa kwamba amelipia mambo yote, watoto wakiwamo. Talaka ilipokwisha na baba akakataa kuwatoa watoto, akaambiwa ile ilikuwa pesa ya talaka, ya watoto ni kesi nyingine. Nikamuuliza, mwanangu, mliandikiana nini? Akanitolea simu yenye kioo kilichopasuka. Jumbe za M-Pesa zimefuatana, moja chini ya nyingine, pesa zimekwenda kwa namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea si la wakili, ni la karani wake. Hakukuwa na mkataba wala risiti, wala barua inayosema kazi gani imelipiwa na kazi gani haijalipiwa.

Alikopa, kesi ya watoto ikafunguliwa. Siku ya kusikizwa aliondoka Faza alfajiri, kwa sababu boti hutazama maji. Akakaa kwenye benchi la mahakama tangu milango kufunguliwa. Saa tano wakili wa hapa alisimama kwa niaba ya mwenzake aliyekwama njiani, akaomba shauri liahirishwe. Likaahirishwa. Kabla ya kurudi bandarini alipitia shuleni, akawaona watoto wake dirishani, nikamwambia mwanamke yule aingie akae nao wakati wa mapumziko. Sikujua kama sheria inaniruhusu, na bado sijui.

Kwa umbali simlaumu wakili. Kutoka Malindi mpaka Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu, njia yenye vizuizi vya usalama, na mwisho wa barabara kuna bahari ya kuvuka. Wakili mwenye kesi nyingine Malindi siku ya pili atataka nauli, chakula na malazi, na haki yake kutaka. Ila anayelipa yote hayo ni mke wa mvuvi, na hulipa kila shauri linapoahirishwa.

Liko na jambo ambalo mtu wa mji mkubwa halijui mpaka aishi kisiwani. Mawakili wenye ofisi hapa ni wachache, na kila mmoja anajulikana na kila nyumba. Wakili aliyeandika hati ya shamba la baba wa mume, au aliyesimamia mirathi ya ami yake, atamwambia mke: dada, mimi siwezi kukushikia kesi hii, upande ule ni wateja wangu. Hiyo ni miiko ya kazi yake na naiheshimu. Katika mji mkubwa mke huyo angevuka barabara akaingia ofisi ya pili. Hapa ofisi ya pili nayo huenda imeshaendewa. Mume mwenye pesa akizunguka mapema kwa kila wakili, akamweleza kila mmoja siri za kesi yake, amekwisha kumfungia mkewe milango yote na hakuvunja sheria yoyote.

Tena kuna stara. Mwanamke wa Mkomani akionekana akipanda ngazi za ofisi ya wakili asubuhi, kufikia sala ya adhuhuri habari iko Mkunguni, na jioni iko kwa mama mkwe. Wapo walioacha kutafuta ushauri kwa sababu hiyo tu, na walipokuja kuamka mtoto alikuwa ameshahamishwa shule, ameshapelekwa kwa shangazi Mombasa. Na katika kesi hizi kuchelewa kuna bei yake. Aliyetangulia mahakamani na wakili huomba amri ya muda, mtoto akae naye mpaka shauri liishe. Miezi inapita, mtoto anazoea kitanda, madrasa na marafiki wa upande ule, na mahakama inapofika kuamua, kuzoea huko kunakuwa hoja. Mzazi aliyekosa wakili wiki ya kwanza anaweza kuwa ameshindwa tangu wiki ya kwanza.

Nisieleweke kwamba nawasemea wanawake peke yao. Namjua mvuvi wa Kizingitini aliyekuja kwangu na karatasi ya amri ya nafaka, yaani matunzo ya watoto, mfukoni, analipa, na watoto hajawaona tangu mwezi wa Ramadhani. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kulipa nafaka na kuwaona watoto ni mambo mawili, na kwamba la pili nalo anaweza kuliomba mahakamani. Katiba, Kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Yeye alisikia kwangu, mwalimu wa hesabu.

Na wapo mabibi. Kwetu bibi kulea mjukuu si ajabu. Mama amekwenda Uarabuni kufanya kazi, baba amekufa baharini, mtoto anakua mikononi mwa bibi na hakuna anayeuliza. Maswali huanza siku mtoto anapotakiwa pasipoti, au opereshoni, au inapotokea fidia ya ardhi yenye jina la marehemu baba yake. Siku hiyo huibuka ami ambaye hakuwahi kununua hata daftari, na barua ya chifu mkononi. Bibi wa Siyu hajui kwamba kulea na kuwa mlezi wa kisheria ni mambo mawili mbali mbali, kwamba Mahakama ya Watoto inaweza kumteua yeye, na kwamba mali ya yatima ina masharti yake. Hajui pia kwamba mzazi akiwa hai na akili zake anaweza kumteua mlezi kwa wasia. Dakika chache za wakili mwadilifu zingemwepusha bibi huyu na miaka ya kesi.

Hapo ndipo nagonga mlango wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Sheria iliyowaunda ni ya 2016. Iliweka mfuko, ikatambua wasaidizi wa kisheria walioidhinishwa, na mashauri ya familia na watoto haikuyafungia nje. Ninajua kwamba mshtakiwa wa jinai ana Kifungu cha 50, kinachomhakikishia wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo kumkosa kungemletea dhuluma kubwa. Naliunga mkono hilo. Lakini mama anayeweza kutoka mahakamani bila mwanawe hana kifungu cha namna hiyo. Alicho nacho ni Kifungu cha 48, kinachosema serikali itahakikisha haki inawafikia watu wote na kwamba ada, ikiwapo, isiwe kizuizi, na Kifungu cha 53, kinachoweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja kisiwani kwetu, sioni vinavyoweza kutimia bila wakili.

Ninachowaomba ni wakili wa zamu wa mashauri ya familia, mwenye siku zake zinazojulikana: siku Lamu mjini, siku Faza, siku Mpeketoni, siku Kiunga usalama ukiruhusu. Ratiba ipangwe na mtu anayejua maji na siku za boti, si kwa kalenda ya ukutani Nairobi. Asiwe mtu wa familia zetu, ili lile tatizo la kila wakili kuwa na mteja upande wa pili liondoke. Na pamoja naye wafundishwe wasaidizi wa kisheria kutoka visiwani humu, wanawake na wanaume, wenye kujua kwamba kazi yao ni kueleza, kusindikiza na kumpeleka mtu kwa wakili, si kujifanya mawakili. Hili la mwisho nalisema kwa uchungu. Mtu anayeandika barua nzuri na kuvaa tai anaweza kuitwa wakili mitaani kwetu kwa miaka, akapokea pesa za watu, na sheria inasema wazi kwamba asiyehitimu hana ruhusa ya kufanya kazi ya wakili.

Chama cha Mawakili, kwenu nina maneno mengi kidogo.

Kila wakili lazima awe na cheti cha kufanyia kazi cha mwaka ule, na ninyi mna orodha mtandaoni ambamo mtu anaweza kulitafuta jina. Ni kitu kizuri, lakini akina mama ninaokaa nao hawakijui. Sheria ya Mawakili inaruhusu wakili na mteja kupatana ada kwa maandishi, na mapatano yaliyotiwa saini yanawafunga wote wawili. Sheria hiyo hiyo haimruhusu wakili kutoza chini ya viwango vilivyowekwa, wala haitambui mapatano ya "utanilipa tukishinda". Mteja asiyeridhika na bili ana haki ya kuipeleka ikakaguliwe na afisa wa mahakama. Mwenye malalamiko ana Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na ana mahakama ya nidhamu yenu. Haya yote yapo, nami nimeyasoma kwa Kiingereza, kwa shida, nikiwa na kamusi. Mama wa Ndau atayasoma wapi?

Naomba muandike mkataba mmoja mfupi wa Kiswahili wa mashauri ya familia, ukurasa mmoja au miwili, na wakili yeyote anayechukua kesi ya Lamu aujaze mbele ya mteja kabla hajapokea shilingi. Useme kazi ni talaka peke yake, au ni talaka na malezi na nafaka. Useme rufaa imo au haimo. Useme ni nani hasa atakayesimama mahakamani, kwa sababu mteja huzungumza na wakili mmoja na siku ya kesi akaletewa mwingine ambaye hata jina la mtoto hajui. Useme nauli ya kila safari ni kiasi gani, na safari ikivunjika kwa sababu ya wakili mwenyewe hasara ni ya nani. Pesa ziende kwa akaunti ya ofisi na risiti itolewe siku ile ile. Mawakili waadilifu, na nimekutana nao, hawatapungukiwa na chochote kwa karatasi hii. Itawalinda na wao pia na mteja anayesema alilipia kisichokuwamo.

Nawaomba vile vile mtenge mawakili wa kujitolea kwa jambo dogo lenye faida kubwa: kuandika mapatano ya wazazi. Sheria ya Watoto inawaruhusu wazazi kupatana kwa maandishi juu ya majukumu yao kwa mtoto. Wazee wetu ni hodari wa suluhu, na Katiba yenyewe inahimiza njia hizo. Nimeona mume na mke waliokaribia kutoana macho wakikubaliana sebuleni kwa mzee, nani atakaa na watoto wakati wa likizo, nani atalipa madrasa. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaweka maneno yale katika sura ambayo mahakama itaitambua, na wa kumwambia mama kando kwamba kifungu hiki ulichokubali kwa kuona haya kitakuumiza mwaka ujao. Wazazi wengi wakipata msaada huo hawatahitaji kesi kabisa.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, mfumo wa kufungua kesi mtandaoni ulienezwa nchi nzima mwaka 2024. Kwa wakili ni nafuu kubwa. Kwa mama asiye na barua pepe maana yake ni kwenda saiba, duka la intaneti, kijana akamfungulia akaunti na kumpigia chapa hati yake ya kiapo, na nyuma yake kuna foleni ya watu wanaongoja kuchapisha picha za pasipoti. Alichofanyiwa na mumewe chumbani kinasomwa kwa sauti ili kijana asikosee. Kisha hati inatoka kwa Kiingereza, naye anatia dole gumba chini ya maneno asiyoyaelewa, akiapa kwamba ni kweli. Katika mahakama za chini sheria inakubali Kiswahili. Basi ziwepo fomu za Kiswahili za malezi, nafaka na ulezi, na kiwepo chumba kimoja chenye mlango unaofungika ndani ya mahakama yetu, chenye kompyuta na karani wa kike aliyekula kiapo cha kutunza siri. Chumba hicho kingemtosha pia wakili wa zamu, na mwanamke akiulizwa alikwenda wapi atasema mahakamani, kuna wengi waendao huko kwa mambo mengi.

Kesi zinazohusu watoto wa visiwani ziitwe kwanza, mapema, kwa sababu boti hazingoji. Wakili aliye Malindi akubaliwe kusimama kwa njia ya video wakati mzazi yuko mbele ya hakimu, badala ya siku nzima kupotea. Mahakama zetu zimeshazoea vikao vya namna hiyo. Ikibidi kuahirisha, mzazi apigiwe simu jana yake, si aambiwe baada ya kuvuka bahari. Na pale ambapo talaka iko kwa kadhi na watoto wako kwa hakimu, tarehe zipangwe siku moja. Makarani wa mahakama hizi mbili si watu wa nchi mbili, wanaweza kuulizana.

Serikali ya Kaunti, najua mahakama haziko chini yenu. Lakini boti zenu hupeleka maafisa visiwani, na nafasi ya mtu mmoja au wawili wa msaada wa kisheria haiwezi kukosekana. Kaeni pia na wenzenu wa serikali kuu, meza moja ya msaada huu iwekwe katika Huduma Centre ya Lamu, palipo na watu wa kila namna na hakuna anayemshangaa mwenzake.

Mwezi wa Januari shule zikifunguliwa nitapokea tena wazazi wawili kwa mtoto mmoja, kila mmoja na cheti chake cha kuzaliwa cha mtoto, kila mmoja akitaka jina liandikwe kwake. Ofisi ya mwalimu mkuu si mahakama, na sisi walimu tumechoka kuamua mambo tusiyo na mamlaka nayo.

Majibu yenu msinitumie mimi. Yaandikeni kwa Kiswahili, yabandikeni kwenye ubao wa mahakama ya Lamu, kwa kadhi wa Faza, Mpeketoni na Huduma Centre, na yataje siku ambayo wakili wa zamu wa kwanza ataingia kazini.

Wenu,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Langoni, Lamu.